Tobo la ploti au mhusika asiyeeleweka: uanze na mfululizo upi wa fantasia?

Mtu akitaka kuingia kwenye hizi fantasia ndefu anauliza nianze na ipi, na mara nyingi anatajiwa ile yenye majoka mengi au vita kubwa. Mi naona huyo hajasaidiwa. Hadithi ya vitabu 14 au sizoni 8 lazima iwe na kasoro, hakuna mwandishi anayeunda dunia nzima kichwani kwake halafu asisahau kufunga mlango hata mmoja, kwa hiyo cha kujiuliza ni kasoro ipi we unaweza kuishi nayo na ipi itakufanya ufunge kitabu usirudi tena.

Na kasoro zenyewe kubwa ni mbili ila watu wanazichanganya. Kuna tobo la ploti, yani tukio linapingana na kanuni ambazo hadithi ilishaziweka yenyewe, ulituambia safari ni mwezi mzima leo mtu kafika usiku mmoja. Alafu kuna mhusika anayefanya jambo zito bila sababu inayotoka ndani yake, anafanya kwa kuwa mwandishi anataka lifanyike ili hadithi isogee. La kwanza mi navumilia. La pili silivumilii hata kidogo, nalisema mapema ili ujue nalinganisha nikiwa nimesimama upande gani. Humu nataja mambo yanayotokea ndani ya hadithi, kwaiyo kama hutaki kuharibiwa uhondo wa mfululizo fulani ruka aya zake.

Tuanze na The Lord of the Rings maana ndo unaosemwa kuliko wote kwa tobo moja tu, lile la tai. Tolkien aliutoa kwa juzuu 3 kati ya 1954 na 1955, na mpaka leo watu wanauliza, kama mchawi Gandalf anajuana na tai wakubwa wanaoweza kubeba mtu, na mmoja wao Gwaihir alishamchukua juu ya mnara wa Orthanc, kwa nini wasimbebe Frodo, yule aliyepewa kazi ya kuiharibu pete ya nguvu ya adui Sauron, mpaka kwenye mlima wa moto aitupe wamrudishe nyumbani. Na ni kweli kwenye kile kikao kirefu kwa Elrond wanajadili kuificha, kuitupa baharini, kuivusha ng'ambo, kumpa Tom Bombadil, ila tai kama usafiri hawatajwi kabisa. Mi sitetei, pale palihitaji mstari mmoja tu wa mtu kuuliza na mwingine kumjibu. Jibu unaweza kulipata ukilitafuta, Gwaihir mwenyewe alimwambia Gandalf katumwa kuleta habari sio kubeba mizigo, na mpango mzima ulikuwa wa kujificha, sasa ndege mkubwa vile angani juu ya nchi ya adui anayechungulia kila upande atajificha wapi. Lakini ni jibu la kutafuta, hujawekewa mkononi.

Sasa angalia watu wake. Sauron anashindwa kwa kuwa haimwingii akilini kabisa kwamba mtu anaweza kushika nguvu kubwa hivyo alafu akataka kuiharibu, yeye angeitumia, basi anaamini kila mtu angeitumia. Boromir kasafiri siku 110 peke yake kutoka kwenye mji unaobeba mzigo wa vita kwa niaba ya wengine wote, anafika anaambiwa kitu pekee chenye nguvu ya kuokoa watu wake kipo hapo mbele yake na hakitatumika, kinapelekwa kuchomwa. Akija kumvamia Frodo kule Amon Hen unamlaumu na unamwelewa kwa wakati mmoja. Hata Frodo mwenyewe, amefika ukingoni kabisa mwa moto akasema pete ni yake, hushangai, umeshaona kwa mamia ya kurasa ilivyokuwa inamla kidogo kidogo. Ndo maana tobo la tai halijakiua hiki kitabu miaka yote hiyo. Mahali ninapoona udhaifu wa kweli ni kwa Arwen, binti wa elf wasiokufa, kwenye hadithi kuu haongei karibu chochote, na uzito wa yeye kukubali kufa kama binadamu kwa ajili ya Aragorn umewekwa kwenye nyongeza nyuma ya kitabu. Usipofika kwenye nyongeza unabaki kumwona kama pambo.

Na kuna jambo moja mi namheshimu sana mzee Tolkien kwa ajili yake. Kwenye The Hobbit ya 1937, kitabu chake cha kabla, Gollum, kiumbe aliyekuwa na pete kabla haijafika kwa Bilbo, alikuwa anaiweka ile pete kama zawadi ya mashindano ya vitendawili, kwa hiari yake. Alipokuja kuandika mfululizo mkubwa, ambamo pete haimwachi mtu aitoe kirahisi, ile sura ikawa haiwezekani tena. Akaiandika upya, toleo la 1951 likatoka na Gollum ambaye hatoi pete kabisa, alafu ile simulizi ya zamani hakuitupa, aliifanya kuwa uongo ambao Bilbo alikuwa anawaambia wenzake, na kule kudanganya kwenyewe ndo kukawa dalili kwamba pete ilishaanza kumharibu Bilbo toka siku ya kwanza. Yani tobo kaliziba kwa kutumia tabia ya mhusika. Kila nikilikumbuka hilo narudi kusoma ile sura.

Game of Thrones lazima nitenganishe tamthilia na vitabu maana kasoro zake hazifanani.

Tamthilia ilirushwa na HBO kuanzia 2011 mpaka 2019, sizoni 8, episodi 73. Kwenye episodi ya kwanza kabisa mfalme Robert anafika Winterfell anataka ashuke moja kwa moja makaburini, na mkewe Cersei anamwambia tumesafiri mwezi mzima, hao waliokufa si wanaweza kusubiri. Sentensi fupi ila imekufundisha ukubwa wa nchi na hali ya hiyo ndoa kwa mpigo mmoja. Njoo sizoni ya 7, mwaka 2017. Jon na wenzake wamezingirwa na wafu katikati ya barafu, Gendry anakimbia kwa miguu mpaka ukutani, kunguru anatumwa mpaka Dragonstone huko kusini, Daenerys, malkia mwenye majoka, anavaa anapanda joka anaruka anafika, na wenzake bado wamesimama palepale juu ya mwamba. Nchi iliyokuwa ya mwezi mzima imekunjwa kama karatasi.

Tobo hilo, na bado nasema ningelimeza. Kilichonikwama ni kwa nini walienda kule hata kidogo. Walienda kukamata mfu mmoja wampeleke kwa Cersei amwone ashawishike kusitisha vita, Cersei huyuhuyu ambaye kila aliyekaa kwenye ile meza anamjua, na wazo lenyewe limetoka kwa Tyrion, mdogo wake, anayemjua kuliko wote na ambaye miaka 6 tumeonyeshwa kwamba akili ndo silaha yake. Matokeo yake joka limekufa, limefufuliwa upande wa adui, na ukuta umeanguka. Tukio zito kuliko yote ya hiyo hadithi limejengwa juu ya mpango ambao Tyrion wa sizoni ya 2 angeukataa kabla mtu hajamaliza kuusema.

Mwaka 2019 ikawa wazi zaidi. Meli za Euron, mshirika wa Cersei, zinatokea nyuma ya mwamba joka lingine linapigwa linadondoka, na kwenye kipande cha maelezo ya episodi David Benioff, mmoja wa waandishi, anasema Dany, yani Daenerys, alikuwa kama amezisahau hizo meli. Mtu yuko juu angani, bahari yote iko chini yake, na vita anayopigana ni dhidi ya mwenye hizo meli. Lakini kinachoniuma mi kupita hicho ni Jaime, kaka yake Tyrion. Rudi sizoni ya 3, episodi ya 5, yuko kwenye maji ya kuoga pamoja na Brienne, mkono umekatwa, homa imempanda, na kwa mara ya kwanza anaeleza kwa nini alimuua mfalme aliyeapa kumlinda. Mfalme alikuwa ameamuru mji wote uchomwe na watu wake ndani. Jaime alikuwa na miaka 17, akaokoa mji mzima, akaitwa msaliti maisha yake yote na hakumwambia mtu. Kila ulichokuwa unakijua juu yake kinapinduka hapohapo. Alafu sizoni ya 8 Tyrion anamwomba awafikirie watu wasio na hatia wa mji uleule, na Jaime anajibu kwamba hao watu hajawahi kuwajali kihivyo, wenye hatia wala wasio na hatia. Hapo waandishi wamemtoa mtu moyo wake, na hakuna kilichotokea katikati kinachoeleza aliupoteza lini.

Kuhusu Daenerys kuchoma mji baada ya kengele za kusalimu amri kupigwa, mi siko upande wa wanaosema hakukuwa na dalili. Zilikuwepo, aliwatundika mabwana 163 kule Meereen kama wao walivyotundika watoto 163, na kila adui alimwahidi moto. Shida ni muda. Sizoni mbili za mwisho zina episodi 13 kwa jumla wakati zamani sizoni moja tu ilikuwa na 10, kwaiyo safari ya moyo iliyohitaji hatua 20 imepewa hatua 3, na mtazamaji anaona tu alipotoka na alipofika.

Vitabu vyenyewe vya George R. R. Martin, A Song of Ice and Fire, ni habari nyingine. Kilianza kimoja 1996, cha 5 kikatoka 2011, na mfululizo haujaisha. Huku sababu za watu ni imara mno, Ned Stark anakwenda kumwambia Cersei siri aliyoigundua ili akimbie na watoto wake kabla mfalme hajarudi, ni ujinga wa kisiasa ila ndo Ned mwenyewe, mtu aliyeshaona watoto wakiuawa kwenye vita iliyopita. Bado pana sehemu moja mi inanikera, kisu. Kitabu cha kwanza mtu anatumwa kumuua Bran, mtoto wa Ned, aliyelala hajitambui, na msako wa nani kamtuma ndo unaofanya Catelyn, mke wa Ned, amkamate Tyrion na vita inawaka. Jibu linakuja kitabu cha 3, mwaka 2000, Jaime na Tyrion kila mmoja kwa wakati wake wanahitimisha kwamba ni Joffrey, mwana wa Cersei, eti alimsikia baba yake akisema afadhali huyo mtoto angepumzishwa. Vita ya wafalme 5 imetoka kwa mtoto aliyetaka kumpendeza baba. Inawezekana kabisa, ila hatukuwahi kuingia kichwani mwa Joffrey hata mara moja, kwaiyo linabaki kama jibu la kukokotoa badala ya kuliona. Na Littlefinger, mshauri wa mfalme, kumdanganya Catelyn kwamba kisu alikipoteza kwa Tyrion kwenye kubeti, uongo ambao ulihitaji tu Tyrion aulizwe, na alipoulizwa akasema yeye habeti dhidi ya kaka yake, ni kamari kubwa mno kwa mtu mwangalifu kama yule.

Kwaiyo ukipima The Lord of the Rings na vitabu vya Martin, wa kwanza una tobo linaloonekana na watu wasiotikisika, wa pili una watu walio hai kuliko karibu fantasia yoyote, ila mafundo mengine yamefungwa kwa uzi mwembamba na mwisho huna. Kama we ni mtu usiyeweza kuishi bila mwisho, jibu lako limeshapatikana.

The Wheel of Time na Mistborn napenda kuviweka pamoja kwa sababu mtu mmoja kagusa vyote. Robert Jordan alianza The Wheel of Time 1990, akafariki 2007 kazi haijaisha, na Brandon Sanderson akaimalizia kwa kutumia maandishi aliyoyaacha, kitabu cha 14 kikatoka 2013. Ni zaidi ya maneno milioni 4. Kwenye urefu huo matobo madogo ni mengi, mwisho wa kitabu cha kwanza kwa mfano Rand, mhusika mkuu, anafanya mambo ambayo ukishajua kanuni za nguvu za baadaye unarudi unajiuliza aliyafanyaje, na Jordan alijiwekea kinga, wahusika wake watatu wakuu ni ta'veren, yani bahati inajikunja kuwafuata, kwaiyo wakikutana na mtu sahihi kwenye mji sahihi siku sahihi hadithi inakwambia ndo kawaida yao. Ni kinga halali maana ameitaja mapema. Ila kila ikitumika mvuto unapungua kidogo.

Kinachochosha zaidi ni watu kutoambiana mambo. Mwanzoni kuna sababu nzuri sana, mwanaume mwenye nguvu za uchawi mwisho wake ni kuwa kichaa na watu wanamwinda, na wale Aes Sedai, wanawake wenye nguvu hizo, wameapa kutosema uongo kwaiyo wamekuwa mabingwa wa kusema ukweli unaopotosha, nani atawaamini. Lakini ukifika kitabu cha 8, cha 9, watu waliokua kijiji kimoja bado wanafichana vitu ambavyo mazungumzo ya dakika tano yangemaliza, na hapo sio tabia tena, hapo ni mwandishi anachelewesha. Faile, mke wa Perrin, anatekwa kitabu cha 8 mwaka 1998, anakombolewa kitabu cha 11 mwaka 2005. Miaka 7 Perrin anatembea na hasira ileile. Na nani alimuua Asmodean, mmoja wa maadui wakubwa, kifo cha kwenye kitabu cha 1993, jibu lilikuja 2010 kwenye faharasa ya maneno nyuma ya kitabu cha 13. Mi niliishia cha 10 nikapumzika mwaka mzima, kile ambacho sehemu kubwa yake ni watu wa pande tofauti wanashtukia tukio moja la mwisho wa kitabu kilichotangulia. Nilirudi kwa ajili ya Egwene, na sijutii hata ukurasa, maana sehemu zake za kuanzia cha 11 mpaka 13 kila hatua anayopiga unajua kwa nini anaipiga na itamgharimu nini.

Mistborn ni kinyume. Vitabu 3, 2006 mpaka 2008, na Sanderson alikuwa ameshaandika rasimu ya vyote 3 kabla cha kwanza hakijatoka, inaonekana wazi. Unameza vipande vya chuma, unavichoma tumboni, kila madini yana kazi yake. Ukisukuma kitu kizito kuliko wewe unarushwa wewe, ukisukuma chepesi kinaruka chenyewe, kwaiyo Vin, msichana mhusika mkuu, akitaka kupaa anadondosha sarafu chini, anaisukuma, ardhi inaizuia, yeye anapanda. Ukishaelewa hilo kila pambano unaweza kulifuata na kujua nani kachemka na kwa nini, ni nadra nguvu mpya kutoka mfukoni dakika ya mwisho. Kama matobo ndo yanakukera kuliko vyote anzia hapa, usihangaike kwingine. Hata ile sauti ya kaka yake Vin kichwani, inayomwambia kila saa kwamba wote watamsaliti, unaichukulia kama kovu la maisha ya mtaani na ni kweli inaeleza woga wake vizuri, kumbe ina kazi nyingine unayoijua kitabu cha 3. Udhaifu upo kwenye mapenzi ya Vin na Elend, yanaiva haraka kuliko mtu mwenye woga ule anavyoweza kumwamini mtu, na kitabu cha pili mji umezingirwa kurasa nyingi huku Zane anafanya mambo ambayo mi mpaka leo naona yapo ili Vin ayumbe tu.

Nimeacha ya mwisho ile ninayoipenda, Farseer ya Robin Hobb, vitabu 3 vya 1995 mpaka 1997. Hii nakupa na kasoro zake zote. Regal, yule mwana wa mfalme mwenye hila, mwisho wa kitabu cha kwanza watu kadhaa wa ndani wanajua kabisa alichofanya, alafu unafungua cha pili yuko palepale kwenye kasri anakula na familia. Utakasirika. Maharamia wa meli nyekundu wanaoteketeza pwani nzima, sababu yao inakuja mwishoni mwa kitabu cha 3 na inapita haraka. Ukiwa mtu wa kuhesabu matobo utayahesabu.

Lakini Fitz. Mtoto wa nje wa mwana wa mfalme, ana miaka 6 anaachwa mlangoni, hakuna anayejua amweke wapi. Siku mfalme Shrewd anaamua kumchukua hamkumbatii wala hamwiti mjukuu, anamwambia mwanawe Regal wazi mbele ya mtoto kwamba huyu asipotumiwa na sisi atatumiwa na adui, alafu anachomoa pini yake ya fedha yenye jiwe jekundu anamchomekea kwenye nguo na anamwambia, mtu yeyote akija kukupa zaidi ya ninachokupa ili unigeuke, njoo uniambie. Ni mkataba ule, baridi kabisa, ila kwa mtoto ambaye hajawahi kuwa wa mtu ni kitu cha kwanza kupewa. Baadaye mwalimu wake Chade, mtu pekee anayempenda waziwazi, anamwambia aende chumbani kwa mfalme achukue kitu kidogo tu, kama mchezo, na Fitz anakataa. Chade anakasirika, siku zinapita hawaongei, mtoto anakonda kwa upweke, na bado hachukui. Hakuna joka hapo wala upanga, mtoto na mzee wanabishana juu ya kitu kisicho na thamani, na kuanzia hapo kila ujinga atakaoufanya Fitz kwa ajili ya ule ufalme kwa vitabu vyote 3 unajua umetoka wapi. Regal hafungwi gerezani, inaniudhi, lakini hata siku moja sijamwona Fitz akafanya kitu nikasema huyu sio yeye.

Ukiona 3 ni vingi soma A Wizard of Earthsea ya Le Guin, 1968, kimoja kifupi. Kijana Ged kwa kiburi cha kumwonyesha mwenzake Jasper anaita roho ya aliyekufa na kivuli kinatoka nayo, na kitabu kizima ni yeye na hicho kivuli. Sababu moja tu, inatosha mpaka mwisho.

Kwa hiyo ukinilazimisha kupanga: msomaji wa kanuni na hesabu aende Mistborn, anayetaka dunia ya kuishi ndani yake mwaka mzima na ana subira aende The Wheel of Time, na akichoka cha 10 asiache. Tamthilia ya Game of Thrones iangalie mpaka mwisho wa sizoni ya 4 kisha chukua vitabu, ila anza kitabu cha kwanza, usirukie cha 4, kuna vitu vya kina Stark ambavyo skrini haikuvibeba. Aliyewahi kuumizwa na mhusika kubadilishwa bila sababu, kama mi nilivyoumizwa na Jaime, achukue Assassin's Apprentice, kitabu cha kwanza cha Farseer, na akifika ile sura Chade anapomwomba mtoto aibe asome polepole.